Bata Aliyefia Wavuni



Ndugu msomaji, somo hili halikuanzia darasani. Lilianzia kwenye beseni la plastiki. Likizo iliyopita nilikuwa kwa mjomba wangu Kashikishi, mji ulioungana na Nchelenge kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia. Asubuhi moja ya Januari, mvua ya usiku ikiwa imekatika muda si mrefu, jirani mmoja mvuvi alibisha hodi. Beseni lake lilikuwa na mabata wawili wadogo wa mwituni, wamelowa chapachapa, shingo zimelegea.

“Mzee,” alimwambia mjomba, “nimewaletea kitoweo. Waliingia wavuni usiku.”

Jirani huyu si Muislamu, lakini ni mtu wa karibu kwetu. Mjomba alipougua mwaka juzi, ndiye aliyempakia kwenye baiskeli akampeleka kutibiwa. Kukataa zawadi yake si jambo jepesi. Mke wa mjomba alitazama beseni akasema hicho ni kibudu, hakiliwi. Binamu yangu akadakia kwamba bata ni kiumbe wa majini, na maiti wa majini ni halali, hivyo hakuna tatizo. Mjomba akanigeukia mimi: “Wewe ndiye unayesomeshwa dini. Sema.”

Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilijua kwamba bata ni halali, na nilijua kwamba kibudu ni haramu, lakini hoja ya binamu yangu ilinibana. Nikaomba muda. Ninayoyaandika hapa ni niliyoyakuta baada ya kurudi kwenye vitabu, pamoja na mambo mengine ambayo sikuyatafuta ila yalinijia njiani.

Tuanze na hukumu, maana ndiyo iliyoulizwa. Hoja ya binamu ina msingi: kuna Hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambamo Mtume (S.A.W.) alieleza kwamba maji ya bahari ni twahara na maiti wake ni halali. Lakini wanachuoni hawakumwingiza bata humo. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika kitabu chake al-Majmu', anawagawa viumbe kwa makazi yao, na anapofika kwa wale wanaoishi majini na nchi kavu anawataja ndege wa maji, mabata na mabata bukini kwa majina. Anasema wao ni halali, lakini maiti wao si halali, na kuchinjwa ni sharti. Anaongeza kwamba katika hilo hakuna khilafu. Samaki anaishi kwa maji. Bata anayatembelea tu. Mzamishe bata dakika chache utaona tofauti yake na samaki.

Na hilo ndilo lililowapata wale wawili. Walinaswa, wakashindwa kupanda juu kuvuta pumzi, wakafa. Aya ya 3 ya Suratul Maida inawataja miongoni mwa walioharamishwa wale waliokufa kwa kukosa pumzi, na inawatoa katika uharamu wale waliowahiwa wakiwa hai wakachinjwa. Halafu ipo Hadithi ya Adiyy bin Hatim (R.A.), aliyekuwa mwindaji na alimuuliza Mtume (S.A.W.) maswali mengi ya mawindo. Miongoni mwa majibu aliyopewa, katika Sahihi Muslim, ni kwamba akimpiga mnyama mshale kisha akamkuta amezama majini, asimle, kwa sababu hajui kilichomuua ni mshale au ni maji. Angalia vizuri: huyo alipigwa mshale kwa jina la Mwenyezi Mungu, na bado shaka ya maji inatosha kumzuia. Bata wa wavuni hana hata mshale wa kuleta shaka. Ni maji tu.

Kwa hiyo mke wa mjomba, ambaye hajasoma zaidi ya madrasa ya utotoni, alikuwa sahihi kabla yangu. Mjomba alikwenda mwenyewe kumweleza jirani, akamrudishia mabata wake kwa shukrani na kumwambia kwamba kwetu lazima ndege achinjwe. Jirani hakukasirika. “Basi nikimkuta hai, nitamleta hai,” akasema.

Hapo somo lingeweza kuisha. Lakini kabla beseni halijaondoka nilikuwa nimekwisha kulikunjua bawa la mmoja wa mabata wale, na sehemu ya mbele ya bawa, karibu na bega, ilikuwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na buluu, nyepesi kama moshi. Sikuwa nimewahi kumwona bata wa namna hiyo. Nilimpiga picha nikamtumia rafiki yangu anayesomea mambo ya wanyamapori. Jibu lake lilikuja jioni: huyo ni dume la garganey, kama Waingereza wanavyomwita, na hakuzaliwa Afrika.

Naomba nikae kidogo kwa bata huyu. Ni mdogo, uzito wake ni kama gramu 300 hadi 400, yaani mfukoni mwa koti anaingia. Anataga na kulea vifaranga kwenye mabwawa na nyasi za maji kuanzia Ulaya hadi ndani kabisa ya Urusi na Asia. Mabata wengine wa Ulaya, baridi ikija, husogea tu hadi mahali maji hayagandi. Wale batamaji wakubwa weupe wenye shingo ndefu wanaolea watoto Iceland, kwa mfano, wengi wao huvuka hadi Uingereza na Ireland wakaishia hapo, na batamaji wa mwituni hatumwoni kabisa huku kwetu. Huyu mdogo ndiye anayekwenda mbali. Ulaya yote wanaondoka karibu wote, kuanzia Agosti na Septemba, na kuja Afrika. Wengi hutua ukanda wa Saheli: mabonde ya Senegal na Niger, Ziwa Chad, maeneo ya Nile. Wachache huendelea kusini, wakafika Zambia kati ya Novemba na Machi.

Nilifanya hesabu ndogo. Nchelenge iko kwenye latitudo ya digrii 9 na kidogo kusini mwa ikweta. Mabwawa ya Ukraine au kusini mwa Urusi yako karibu na digrii 50 kaskazini. Digrii moja ni kama kilomita 111. Hata angekuja kwa mstari ulionyooka, bata yule wa kwenye beseni alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 6,000. Tena dume akifika huku hana lile pambo lake: mstari mweupe mpana unaopinda juu ya jicho. Analivua baada ya kuzaliana na kulivaa tena karibu na wakati wa kurudi. Kwa miezi mingi anayokaa kwetu, ukimwangalia kwa mbali utadhani ni jike. Labda ndiyo maana hata wavuvi wenye macho makali hawamtofautishi na wengine.

Kwa nini aende huko kaskazini basi, kama huku kuna maji na chakula? Jibu zuri kuliko yote nililikuta kwenye somo la historia, si la viumbe. Ahmad ibn Fadlan alitumwa na Khalifa al-Muqtadir kutoka Baghdad, akafika kwa Wabulghar wa mto Volga mwaka 310 Hijria, sawa na 922 Miladia. Alifika majira ya machipuo, majira yale yale ambayo mabata wanakuwa wamerudi huko kutaga. Katika maelezo ya safari yake anasimulia kwamba alikaa hemani na mshonaji mmoja wa Baghdad wakizungumza huku wakisubiri adhana ya Isha. Waliposikia adhana wakatoka, kumbe ni ya Alfajiri. Muadhini akawaeleza kwamba huko Isha wanaiswali pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda mrefu halali usiku kwa kuogopa Alfajiri isimpite. Sisi huwa tunaisoma habari hiyo kwenye fiqhi ya nyakati za swala. Lakini mtazame bata ndani ya habari hiyo hiyo: mchana usiokwisha, wadudu wa majini wengi, vifaranga wanaokula karibu saa zote. Kisha baridi inashuka, maji yanakuwa barafu, na mlango unafungwa. Anayebaki anakufa.

Na wanaijuaje njia? Katika miaka ya 1960 mtafiti mmoja wa Marekani, Stephen Emlen, aliwaweka ndege wadogo wanaohama usiku ndani ya jumba lenye dari la nyota za bandia. Alipoigeuza mbingu ile ya bandia, ndege nao waligeuza mwelekeo. Walikuwa wakilisoma eneo la mbingu ambalo nyota zote hulizunguka. Ndege wanaohama wanatumia pia jua na mvuto wa sumaku wa dunia. Suratul An'aam aya ya 97 inatukumbusha kwamba nyota zimewekwa tuongoke kwazo katika giza la nchi kavu na bahari, na manahodha wa pwani yetu waliijua elimu hiyo kwa vitendo. Sitasema, kama baadhi ya makala zinavyopenda kusema, kwamba aya hiyo “ilimtangulia” Emlen. Sioni kwamba Qur'ani inahitaji cheti cha maabara. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: nyota zile zile zilizomwongoza nahodha wa Lamu kwenda Muscat zinaongoza ndege, na mimi hilo lilinipa haya nilipokumbuka beseni.

Waislamu wa zamani hawakuwa wageni wa jambo hili. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, katika Kitabul Hayawan anawazungumzia ndege na samaki wanaokuja kwa msimu na kuondoka. Miongoni mwao anamtaja samaki aitwaye barastuj, ambaye anasema huja Basra kutoka nchi ya Zanji, yaani huku kwetu, akitafuta maji matamu ya Tigris. Iwe alipata sawa kuhusu samaki huyo au la, nilifurahi kumwona mwanachuoni wa Iraki akiutazama msimu wa samaki na kuihusisha na pwani yetu. Ulaya nayo ilibishana kwa muda mrefu. Mwaka 1822, huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Afrika umechomeka shingoni. Korongo huyo bado amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Alipigwa mkuki Afrika, hakufa, akaruka nao hadi nyumbani.

Baada ya kujua haya, nilirudi kwenye swali la mjomba nikaona nililijibu nusu. Tuliuliza: analiwa au haliwi? Hatukuuliza ana haki gani. Na swali la haki si langu. Lipo katika Hadithi. An-Nasa'i amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alionya kuwa anayemuua shomoro, au aliye mkubwa kuliko shomoro, pasipo haki, ataulizwa na Mwenyezi Mungu. Alipoulizwa haki yake ni ipi, alieleza kwamba ni kumchinja na kumla, si kumkata kichwa na kumtupa. Hadithi hii haikatazi kula ndege. Inakataza kifo kisicho na faida. Sasa bata aliyezama wavuni, kwa Muislamu, ni kifo cha namna gani? Haliwi. Hauzwi, kwa kuwa kibudu hakiuzwi. Haachiwi, amekwisha kufa. Ukiwa Muislamu na wavu ni wako, umeua pasipo kupata hata chungu kimoja cha mchuzi.

Mtu atasema: lakini hakukusudia, alitega samaki. Ni kweli, na kutokukusudia ni udhuru. Lakini udhuru hupungua kadiri jambo linavyojulikana. Mabata wa aina hii hulala mchana na hutafuta chakula usiku, kwenye maji ya kina kifupi pembezoni mwa matete. Nyavu za kutega hutandazwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Ukiutandaza wavu wako kando ya matete katika miezi ambayo mabata wamejaa, unajua kitakachotokea, kama anayechimba shimo njiani anavyojua. Na kusogeza wavu kwenda maji ya wazi, au kuupitia mara moja kati ya usiku, si kazi isiyowezekana. Anayeupitia atawakuta wengine hai, na aliye hai anachinjwa au anaachiwa.

Niongeze suala moja la pembeni ambalo niliulizwa na vijana wa Nchelenge. Mabata wakubwa wa Afrika, hasa wale bukini weusi wenye kucha ya bawa, hubadilisha manyoya yote ya bawa kwa wakati mmoja, na kwa majuma kadhaa hawawezi kuruka. Watu huwafukuza kwa mtumbwi na kuwapiga kwa kasia. Aliyekufa kwa kupigwa ametajwa katika ile ile aya ya 3 ya Maida: haliwi. Tena huyo hana hukumu ya mawindo, maana mnyama unayeweza kumkamata kwa mkono lazima achinjwe kama kuku wa nyumbani. Weka kasia chini, mkamate, umchinje.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Tangu mwanzo nimesema ilikuwa Januari. Kila mwaka Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na Mweru imo ndani ya marufuku hiyo. Kwa maneno mengine, jirani yetu mwema hakupaswa kuwa na wavu majini usiku ule. Sisi sote pale uani tulijua. Tulijadili kama bata ni kibudu kwa ukali wa kiwanachuoni, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wavu ulifuata nini ziwani. Hata mimi.

Marufuku hiyo ina historia, na wazee wa pale wanaijua kuliko maofisa. Palikuwa na samaki aitwaye mpumbu aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Nyavu zikawa zinamsubiri njiani, akiwa na mayai tumboni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi huo ulianguka, na haukurudi tena kama ulivyokuwa. Leo jina la Kashikishi sokoni ni chisense, samaki mdogo kama dagaa. Mpumbu alikuwa msafiri kama yule bata, na alikuwa na msimu wake, na alisubiriwa mlangoni. Suratul An'aam aya ya 38 inasema kwa maana kwamba wanyama wa ardhini na ndege wanaoruka ni umma kama sisi. Nimeisoma aya hiyo tangu utotoni. Sikuwahi kuifikiria kama habari ya umma unaoweza kukatika mbele ya macho ya watu ambao bado wako hai.

Utii kwa mamlaka katika jambo lenye maslahi ya wote umo katika aya ya 59 ya Suratun Nisaa, na sidhani kama kuna mwalimu wetu atakayepinga kwamba kulinda mazalia ya samaki ni maslahi. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa hosteli unapikiwa ugali. Kwenye ufuko ule, miezi 3 bila wavu ni miezi 3 bila shilingi, au tuseme bila kwacha. Anayeandika fatwa ya marufuku bila kutaja njaa hajafika Mweru.

Baada ya majuma mawili jirani alitimiza ahadi. Alikuja na bata mmoja hai, miguu imefungwa kwa kipande cha uzi wa wavu. Huyu hakuwa msafiri wa Ulaya. Alikuwa mmoja wa mabata wa Afrika wenye uso mweupe wanaopiga mluzi, ambao usiku unawasikia wakipita juu ya mabati. Mjomba alinitazama tena, lakini safari hii hakusema neno. Nilimwelekeza kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikamchinja, na nusu ya chungu tukampelekea jirani. Nyama ilikuwa tamu, siwezi kuficha.

Baada ya Alasiri mjomba alikwenda kwa jirani peke yake, akakaa huko hadi karibu na Magharibi. Aliporudi alituambia kwamba jirani amekubali kuuondoa wavu kwenye matete na kuupeleka mbali, kwa sababu mabata wanamchania uzi na kumpotezea muda. Kuhusu marufuku hakukubali. Alimuuliza mjomba watoto wake wale nini hadi Machi, na mjomba hakuwa na jibu la kumpa isipokuwa debe moja la unga, ambalo alilipeleka usiku huo huo.

Je, mjomba alipaswa kumripoti? Au debe la unga lilikuwa ndiyo wajibu wake wa kwanza, na mengine yafuate? Swali hilo nimelileta kwenye darasa letu la Alhamisi baada ya Isha, na mwenye dalili aje nayo. Wallahu a'lam.